Kondoo Aliyefia Gachoka

Walifika saa nne asubuhi na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya viazi. Nilizisikia sauti zao kabla sijawaona. Kwanza sauti ya mwanamume akilaani matope, halafu ya mama mtu mzima akimwambia anyamaze kwa sababu yeye hakumlea hivyo. Sauti ya tatu sikuisikia, na hiyo ndiyo niliyokuwa natafuta. Wambeti akinyamaza ujue ana jambo.

Pikapu waliyokodi Meru mjini ilikuwa imekwama kule chini kwenye mteremko, mahali ambapo wakubwa walikuja miaka sita iliyopita wakapigwa picha wameshika sepetu mpya, wakasema barabara inaanza. Hiyo barabara haijaanza mpaka leo. Kwa hivyo wageni wangu walipanda kwa miguu nusu saa nzima, mwezi wa Julai, huku kwetu juu ya Kibirichia, ambako nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya msitu.

Ukungu ukapasuka kidogo karibu na lango, wakatokea mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Njoka, ndugu yake Wambeti, mrefu, amevaa akala za matairi miguuni. Vidole vilikuwa wazi kabisa.

"Karibu, shemeji," nikamwambia.

"Usiniite shemeji bado," akajibu, meno yakigongana. "Niite Njoka inatosha. Kwani nyinyi watu mnaishi ndani ya friji?"

"Friji lina stima. Sisi hata hiyo bado hatujaletewa."

Nyuma yake alikuja Shangazi Ruguru, mama mfupi wa miaka sabini hivi, leso tatu juu ya sweta. Huyo ndiye aliyewalea hao wawili baada ya wazazi wao kufariki, na kule kwao Gachoka neno lake halirudiwi mara mbili. Alinipa vidole tu, hakunipa mkono mzima. Mtu akikusalimia kwa vidole, unajua safari yake ni ya nini.

Halafu Wambeti. Koti la mtumba, rangi ya damu ya mzee, kitambaa kichwani, matone ya ukungu kwenye kope. Aliniangalia mara moja tu, akashusha macho. Mimi nina miaka arobaini na tisa, nimeshazika mke, nimeoza binti, lakini ule mtazamo mmoja ulinifanya nisahau kwamba nilikuwa nimeshika ndoo.

Wambeti anauza ndengu na kunde kule Majengo, karibu na mabucha. Nilimwona mara ya kwanza nilipopeleka viazi mjini. Nilinunua ndengu mwaka mzima, kila wiki, na ndengu hunisumbua tumbo. Siku aliyoniuliza mbona sichoki kununua, nilimwambia ukweli, akacheka mpaka akakaa chini juu ya gunia. Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya ndengu tena. Alikuwa ananitengea kiti.

Niliwaingiza ndani. Nyumba yangu ina dari ya mbao na bomba la moshi la mawe, nimelijenga kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimpa Njoka soksi nene na gambuti, akavaa bila kusema asante, kwa sababu mdomo ulikuwa umekufa ganzi. Nikamimina chai ya maziwa, vikombe vinne, ikitoa mvuke. Hakuna aliyegusa.

Hapo nikaelewa kabisa. Kwetu na kwao desturi ni moja: mtu aliyekuja kukataa posa haonji kitu cha nyumba hiyo. Shangazi alikiangalia kikombe chake kama kitu kilichosahauliwa hapo na wapita njia. Njoka alikiangalia chake kama mama mzazi.

"Baba Kagwiria," Shangazi akaanza, akiniita kwa jina la binti yangu. "Hatukutaka kukwambia kwa simu. Simu si ya mambo ya watu. Nimekuja na miguu yangu ili usiseme sisi watu wa Mbeere hatuna adabu."

"Nakusikia, mama."

"Ulituletea kondoo mwezi wa pili."

Nilijua tutafika hapo. Nilikuwa nimempeleka kondoo dume, yule wa kwanza, anayefungua njia kabla mahari haijazungumzwa. Nilichagua dume langu kubwa kuliko yote, manyoya yamejaa, ukiingiza mkono vidole vinapotea. Tulimfikisha Gachoka Jumanne. Wazee wao walikuwa wakae Jumamosi wamtazame, waseme kama wamempokea. Ijumaa mchana alikufa chini ya mti wa miiba.

"Kilichotoka kwako kimekufa kwetu," Shangazi akasema. "Sasa mimi nikutolee mtoto wangu aje afie kwako? Huo ni mkosi wa wazi. Hata mtu asiye na macho anauona."

"Mama, si mkosi. Yule kondoo aliuawa na afisa wa mifugo."

Njoka akageuza kichwa. "Alimchoma kisu?"

"Nilienda ofisini kwake kuchukua karatasi ya kumsafirisha. Akapiga muhuri bila kuinua macho. Hakuniambia huko chini kuna joto la namna hiyo. Mtu analipwa kila mwezi kwa sababu anajua mifugo, anashindwa kusema neno moja."

"Kwani wewe hukujua Gachoka kuna joto?"

"Hiyo ni kazi yake kusema."

Niliona Njoka anauma mdomo asicheke. Shangazi hakucheka.

"Na Kathambi?" akauliza.

Jina la marehemu mke wangu likitajwa na mgeni ndani ya nyumba hii, hata moto huonekana kama umesikia.

"Ilikuwa nimonia," nikasema. "Julai kama hii, miaka minne sasa. Nilipiga simu ya gari la wagonjwa Jumanne, wakaniambia liko njiani. Jumatano wakasema halina mafuta. Alhamisi wakasema dereva amepelekwa kumpokea mkubwa fulani aliyekuja kufungua choo cha soko. Choo, mama. Kathambi alinitoka Alhamisi hiyo saa nne. Wale watu wote bado wako kazini. Mmoja amepandishwa cheo."

"Pole sana," Shangazi akasema, na pole hiyo ilikuwa ya kweli, niliisikia. Alikaa kidogo, akakunja leso yake ya juu. "Sasa nikuulize swali moja, unijibu kama mwanamume. Wambeti akianza kukohoa hapa, utamlaumu nani?"

Mimi nina maneno. Kila mtu huku anajua nina maneno, hata chifu akiniona barabarani hubadilisha upande. Lakini pale niliinama nikaongeza kuni motoni.

Wambeti akasimama. Tangu aingie hakuwa amesema kitu. "Nataka kuona viazi," akasema.

"Kuna baridi huko," Shangazi akamwambia.

"Si ndiyo tumekuja kuiona?"

Shangazi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Nikatoka nyuma yake.

Ukungu ulikuwa unapanda polepole kuelekea msituni. Tulitembea kati ya matuta, yeye mbele. Tulipofika mahali pa chini ya shamba akasimama. Majani ya viazi hapo yalikuwa meusi, yamejikunja kama yamepitiwa na moto.

"Ni nini hii?"

"Barafu ya asubuhi ya juzi. Usiku mbingu ikiwa wazi, hakuna wingu, hakuna upepo, ujue kesho utaamkia nyeupe. Baridi huteremka kama maji, inatafuta mahali pa chini inalala hapo. Angalia kule juu kwenye mgongo, majani ni kijani. Nyumba nimeiweka huko huko kwenye mgongo. Baridi hii mimi naijua, Wambeti. Haijawahi kunidanganya hata siku moja. Watu ndio hudanganya."

Wakati huo jua likapenya na mlima ukajitokeza wote kwa pamoja, theluji imeshuka chini kuliko siku nyingine, inang'aa mpaka macho yanauma. Wambeti alisahau kufunga mdomo.

"Kule kwetu mlima ni kama jino moja mbali sana," akasema. "Hapa ni kama mtu amesimama mlangoni."

"Utauzoea."

"Najua nitauzoea." Alinigeukia. Mikono yake ilikuwa mifukoni, na mimi nilikuwa nataka sana kuishika, lakini dirisha la nyumba lilikuwa linatutazama. "Nikikuuliza kitu utakasirika?"

"Uliza."

"Yule kondoo. Mimi nimekua nyuma ya mbuzi, unajua hivyo. Nilienda nyumbani ile Jumatano nikamwona anahema mdomo wazi, ulimi nje, na lile blanketi lote mgongoni. Mbona hukumnyoa kabla ya kumleta?"

"Kondoo wa posa hapelekwi uchi. Watu wangesema Mithika ameleta mgonjwa."

"Kwa hivyo ulijua kuna joto."

Nilitazama mlima.

"Ulijua," akasema tena, bila kupaza sauti. "Ulitaka waone manyoya. Hiyo mimi naielewa, mwanamume anataka kuonekana. Lakini miezi mitano unaniambia ni afisa. Na mimi nilikaa nikinyamaza, nikisema labda siku moja atasema mwenyewe."

"Afisa hakufanya kazi yake."

"Hakufanya. Na wewe je?"

"Sasa utasema na Kathambi pia ni mimi?" Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Ndege waliruka kutoka kwenye ua.

Hakurudi nyuma hata hatua moja. Huo ndio uzuri wake na hiyo ndiyo taabu yake. "Sikusema hivyo. Gari halikuja, hiyo ni yao, na Mungu anawaona. Mithika, sikiliza. Baridi naiogopa kidogo tu, nitanunua soksi. Kitu ninachoogopa ni kuishi na mtu ambaye kwake kila kitu kimefanywa na wengine. Wakiisha hao wa ofisini, nitabaki mimi. Siku moja nitakuwa mimi ndiye niliyekufanyia."

Macho yake yalikuwa yamejaa, si kwa ajili ya upepo. Akafuta kwa mkono wa koti. "Shangazi ameshaamua. Wakitoka hapa bila kunywa chai, mimi sitapigana nao. Nimepigana nao tangu mwezi wa pili, nimechoka. Ikiwa una kitu cha kusema, kakiseme mle ndani."

Akanipita kurudi. Harufu yake ya sabuni na moshi ikabaki pale kati ya matuta. Nilisimama na yale majani meusi kwa muda. Nilifikiria kwamba nikitaka naweza kukaa hapo hapo mpaka waondoke, na kuanzia kesho nitakuwa na watu wengine wawili wa kulaumu, Ruguru na Njoka. Ningewalaumu vizuri sana. Nina uzoefu.

Nikafuata njia ya nyumba.

Ndani nilikuta Njoka ameshika kikombe kitupu na Shangazi anamwangalia kama mtu aliyeuza shamba la ukoo.

"Nimekunywa," Njoka akaniambia. "Nilikuwa nakufa. Maiti haiwezi kukataa posa."

"Kijana hana tumbo, ana shimo," Shangazi akasema. "Baba Kagwiria, tutakuachia nafasi yako sasa. Wambeti, chukua mkoba."

"Mama, kaa kidogo," nikasema. "Uliniuliza swali, sijakujibu."

Sikukaa. Nilisimama karibu na moto, kofia mkononi. Wambeti alikuwa ameshika mkoba tayari, akauweka magotini.

"Kondoo nilimuua mimi," nikasema. "Joto la Gachoka nilikuwa nalijua, nilishawahi kufika huko kununua ndengu za mbegu. Sikumnyoa kwa sababu nilitaka wazee wenu waseme huyu mtu wa juu ana mali. Hiyo ni yangu. Afisa ni mjinga, lakini hiyo ni yangu."

Nikaona nimeshaanza, ni afadhali nimalize.

"Kuhusu Kathambi. Wale hawakuja, na hilo sitawasamehe nikiwa hai, msiniombe. Lakini mimi nilikaa siku tatu kwenye kile kiti nikingoja. Majirani nilikuwa nao, punda nilikuwa naye. Kutoka hapa mpaka barabara ya lami ni mteremko. Nilikaa kwa sababu mtu wa ofisi aliniambia gari liko njiani, na mimi niliachia masomo darasa la nne, nikafikiri wao wanajua kuliko mimi. Kathambi mwenyewe aliniambia Jumatano, nipeleke. Nikamwambia tungoje kidogo."

Hilo la mwisho sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Hata binti yangu. Nikageuza kofia mkononi, nikaendelea.

"Wambeti akikohoa sitampigia mtu simu. Nitamfunga kwenye blanketi, nimweke kwenye mkokoteni, nimfikishe kwa daktari siku hiyo hiyo, barabara iwepo isiwepo. Nikichelewa, mtu wa kulaumu ni mimi. Niite Gachoka nije nijibu mbele ya wazee wenu, na sitataja chifu wala afisa. Baridi ya hapa haiui mtu anayeishughulikia. Kungoja ndiko kunaua. Nimejifunza kwa bei mbaya, lakini nimejifunza."

Moto ulitoa cheche. Shangazi Ruguru alikuwa ameinamisha kichwa, anapitisha kidole kwenye upindo wa leso. Alipoongea, sauti ilikuwa imeshuka.

"Njoka alitaka kumnyoa," akasema.

"Shangazi," Njoka akaanza.

"Wacha niseme. Ile Jumatano alinoa mkasi, akasema huyu mnyama hafiki kesho kutwa. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilisema mnyama wa posa haguswi kabla wazee hawajamwona. Na ni kweli haguswi, hiyo ndiyo desturi. Lakini nilikuwa naweza kutuma mtu awaambie wazee waje mapema, na sikutuma. Nilisema atavumilia. Ijumaa akafa mbele yangu. Nikasema ni mkosi." Alivuta pumzi. "Ni rahisi kusema mkosi. Hakuna anayekuuliza swali la pili."

Tulikuwa pale watu wanne na kondoo mmoja ambaye hayupo.

"Nilikwambia lakini," Njoka akasema polepole.

"Kunywa chai yako."

"Nimemaliza."

"Basi lamba kikombe." Halafu akasukuma kikombe chake upande wangu wa meza. "Hii imepoa. Nipashie moto, baba. Na uongeze sukari, mimi si mgonjwa."

Nilichukua kile kikombe kwa mikono yote miwili. Nikamwaga chai kidogo juu ya jiwe la moto, ikachemka ikatoa harufu tamu. Sikugeuka haraka. Mwanamume anahitaji muda wa kupanga uso wake.

Nilipomrudishia, alikunywa mafunda mawili marefu, akafuta mdomo.

"Mimi sina neno tena," akasema. "Lakini tangu asubuhi tunamzungumzia huyu mtoto kama yeye ndiye kondoo. Muulize mwenyewe."

Nikamgeukia Wambeti. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri tangu mwezi wa pili, maneno kuhusu maisha, kuhusu uzee, kuhusu mtu wa kuzungumza naye ukungu ukishuka. Yote yalipotea.

"Utakuja?" nikauliza.

"Kwa masharti."

"Yaseme."

"Kibanda changu cha Majengo sikiachi. Jumatatu mpaka Alhamisi niko mjini na wateja wangu, Ijumaa napanda. Wewe utakuja kunipokea pale kwenye mteremko na huyo punda, kila Ijumaa, mvua ikinyesha au isiponyesha."

"Nitakuwepo kabla yako."

"Godoro lako la nyasi, lile pale pembeni, linatoka."

"Limeshatoka."

"Na chakula kikiwa mezani sitaki kusikia habari za chifu, wala za barabara, wala za yule aliyepandishwa cheo. Nataka tule kama watu."

Hilo lilikuwa gumu. Aliona lilivyokuwa gumu, akainamisha kichwa upande mmoja vile anavyofanya sokoni mteja akitaka kupunguziwa, na macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. Ningempa msitu mzima kwa ajili ya macho yale, kama msitu ungekuwa wangu.

"Hata kidogo?" nikauliza.

"Jumapili baada ya kanisa. Dakika kumi."

"Wambeti, dakika kumi ni chache. Watu wenyewe ni wengi."

Njoka akaweka uso kwenye mikono, mabega yakitikisika. Wambeti alijaribu kukaza uso, akashindwa, kicheko chake kikajaza nyumba ambayo kwa miaka minne haikuwa imesikia kitu kama hicho.

Na Shangazi Ruguru, aliyekuwa amesogeza kiti chake karibu na moto bila kumwuliza mtu, akasema nipewe kumi na tano.